Sura ya Tano: Mahali pa Kukaa

Jumapili, baada ya swala ya alasiri, jua linapoanza kulegea, Mombasa huwa kama imeitwa upande mmoja. Tuktuk kutoka Majengo, Tudor na Kizingo zinashusha watu barabara ya Mama Ngina: akina mama na mabuibui yao, vijana na jezi za timu za Ulaya, mabibi walioshikwa mkono na wajukuu, na jamaa za bara waliofika jana kwa treni, ambao ndio kwanza wanaiona bahari. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Watu wamekuja kupunga upepo, na upepo upo.

Mimi huanza kwa muhogo. Mama ninayemwendea hukaa juu ya kigoda kando ya jiko lake la makaa, mihogo imepangwa juu ya waya kama mashua ufuoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataka wa pilipili?"

"Tia, na ndimu nyingi."

Anautoa mmoja motoni, anakwangua palipoungua kwa ubapa wa kisu, kisha anaupasua kwa urefu bila kuutenganisha. Anachukua nusu ya ndimu, anaichovya katika pilipili ya unga iliyochanganywa na chumvi, na kuipitisha ndani ya mpasuko ule kutoka ncha hii hadi ncha ile, akiikamua kadiri mkono unavyokwenda, hata weupe wa muhogo ukaingia wekundu. Anaufunga kwa kipande cha gazeti. Vidole vinaungua, mdomo unawasha, machozi yananilengalenga, na upepo wa bahari unakuja kuvipoza vyote vitatu.

Baada ya hapo natafuta mahali pa kukaa. Sura hii yote ni habari ya mahali hapo.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo tungeweza kudhani hayahusiani. Ukimuuliza mtu "Wakaa wapi?" wataka kujua nyumba yake iko mtaa gani. Ukimwambia "Kaa," unamwonyesha kiti. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kutenga kuishi na kuketi, na kadiri umri unavyonisogea ndivyo ninavyoamini kwamba walikuwa wameliona jambo. Mtu anaweza kulala Mombasa miaka ishirini, akaamka alfajiri kwenda bandarini, akarudi chumbani usiku, na bado akawa hajakaa Mombasa. Mji unakuwa wako siku unapopata mahali pa kutua mwili bila kufukuzwa, bila kununua kitu, na bila kueleza kilichokuleta. Raha zote za mji huu ninazozijua zimejengwa juu ya haki hiyo ndogo.

Ukutani

Mama Ngina ni ncha ya kusini ya kisiwa. Mbele yako kuna mlango wa bahari unaoingia Kilindini, na ng'ambo yake Likoni. Mlango wenyewe ni mwembamba, hivyo meli ya makontena inapoingia bandarini hupita karibu mno, ndefu kama mtaa, na mazungumzo ya walioketi ukutani kando ya maji hukatika. Watoto hupunga mikono. Mara nyingine baharia aliye juu kabisa, mdogo kama punje ya mtama, hupunga naye, na makelele yanayopigwa hapo huwa kana kwamba bao limefungwa.

Nyuma ya waketio imesimama mibuyu, minene, ya kijivu, mingine ikiwa imekwishakaa hapo vizazi kabla ya barabara kuwapo. Chini yake wanauza mabuyu: mbegu za mti uleule zilizopikwa kwa sukari, iliki na rangi, mpaka zinaacha ulimi wa mtoto mwekundu siku nzima. Kuna achari ya embe, kuna kachiri za muhogo zinazotolewa karaini zikilia, kuna viazi karai na ukwaju wake, na kuna madafu.

Muuza madafu anastahili kutazamwa akiwa kazini. Nazi ina majina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Yeye hujua tumbo la kila moja kabla hajaipasua, kwa rangi ya ganda na kwa mlio wa kidole kinapoligonga. Atakuuliza wataka la maji au la kukomba. Ukisema la kukomba, atakukatia kipande cha ganda kikawa ndicho kijiko chako. Panga lake hupiga mara tatu au nne, na halimwagi tone.

Mahali hapa palikuwa na sura nyingine zamani, tulipokuwa tukikaa juu ya mawe ya mwamba na wauzaji wakipanga meza zao popote. Mwaka 2019 pakafanyiwa ukarabati mkubwa, zikajengwa njia za miguu, viti na ukumbi wa wazi, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyika hapo. Wengi tulikuwa na wasiwasi wakati mabati ya uzio yalipokuwa yamesimama. Hofu yetu haikuwa juu ya saruji. Tulihofia kwamba kitakachotoka nyuma ya mabati kitakuwa na lango na mtu wa tiketi. Uzio ulipoondoka na bibi mwenye kanga kuukuu akaketi tena palepale alipokuwa akiketi, nilipumua.

Watu wa bara huniuliza kwa nini mji wenye hoteli nyingi vile uone fahari juu ya ukuta. Huwajibu kwa kuwapeleka. Mkono wa kushoto wa ukuta ule utamkuta mwenye duka kubwa na familia yake, na mkono wa kulia kibarua wa bandarini, na wote wawili wana muhogo wa bei moja mkononi. Sijui mahali pengine mjini ambapo hao wawili wangekaa bega kwa bega saa nzima. Ukichoka kuketi, barabara inakupeleka kwenye kivuko cha Likoni, ambako mwenda kwa miguu halipi chochote. Utotoni tulikuwa tukivuka na kurudi mara tatu mchana mmoja, hatuna tunakokwenda, kwa ajili tu ya kusimama penye ukingo na kuyatazama maji yakichemka.

Barazani

Kutoka Mama Ngina hadi Mji wa Kale ni safari fupi ya tuktuk, na huko ndiko ilikoanzia elimu ya kukaa. Nyumba nyingi za zamani zina baraza: kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, huku na huku mwa mlango. Aliyejenga nyumba yake hivyo alikuwa ametoa sehemu ya nyumba kwa wapita njia. Na hapa pia lugha inafundisha, kwani neno baraza ndilo tulilolipeleka serikalini. Mawaziri wana baraza, wazee wana baraza. Kabla ya kuwa kikao cha wakubwa kilikuwa kiti cha mtaani, na maamuzi yalizaliwa hapo kwa sababu watu walikuwa wamekaa.

Saa za magharibi muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, mdomo mrefu, makaa mekundu chini yake. Mkono mmoja umebeba dele, wa pili unavigonganisha vikombe, na mlio ule ndio tangazo lake. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na kikombe ni kidogo kiasi cha kumezwa mara tatu. Pembeni kuna kashata au kipande cha halua, ili utamu na uchungu vikutane mdomoni. Barazani huchezwa bao na dhumna, huchambuliwa mechi na siasa, na mara mzee mmoja akakumbushwa taarabu za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, mjadala wa maana ya fumbo moja ukaweza kumaliza dele zima.

Adabu za baraza hazikuandikwa, lakini hazivunjwi. Mpita njia ndiye atoaye salamu. Mzee akija, kijana husimama bila kuambiwa. Macho hayaingii mlangoni mwa watu. Na mgeni hatasimama wima wakati kuna nafasi: wenyeji husogea, wakasema, "Karibu, kaa." Kusogea huko ni kitendo kidogo sana, nami nakihesabu miongoni mwa mambo makubwa ya utamaduni wetu.

Lakini niseme kweli yote. Baraza ni la wanaume. Mama yangu aliishi hatua kumi kutoka baraza lenye sifa kuliko yote mtaani kwetu na hakulikalia hata siku moja. Yeye na wenzake walikuwa na kukaa kwao: uani, kwenye harusi, siku za kupaka hina, nyuma ya milango. Kukaa nje, hewani, mbele ya bahari, alikupata Mama Ngina. Nakumbuka alivyokuwa akitandika mkeka, akivua viatu na kunyoosha miguu kuelekea majini, na uso wake ukawa wa msichana. Ndiyo maana siwezi kusikia mtu akiuita ukuta ule mahali pa kupotezea wakati. Kwa nusu ya mji ndio ulikuwa baraza la kwanza.

Mwisho wa vichochoro vya Mji wa Kale imesimama Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696, na ikaanguka mwaka 1698. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela, na jela ikabaki hadi 1958, ndipo ikatengenezwa kuwa makumbusho. Tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni husoma tarehe hizo ubaoni. Mimi hupenda kuwatazama watoto wa shule wakikimbia juu ya kuta zake. Kwa miaka zaidi ya sitini watu walikaa humo kwa amri, wakihesabu siku. Leo mtoto anaketi juu ya mzinga, anakula andazi, na anateremka akitaka.

Kivuli cha jongoo

Kuna mahali pa kukaa palipopatikana kwa asili, na kuna palipotengenezwa kwa jasho. Kielelezo cha hapo pa pili kiko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa.

Tangu miaka ya 1950 mawe ya matumbawe yalichimbwa pale kwa ajili ya saruji. Walipomaliza sehemu waliacha shimo pana, jeupe, lenye maji ya chumvichumvi chini yake na jua lisilo na mpinzani juu yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kazi ya kulirudishia uhai. Alijaribu miti ya kila namna, na mingi ikafa. Mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyovumilia, mti ambao watu wa pwani tunaujua, wenye majani kama sindano na sauti ya mvua upepo unapopita. Tabu ikawa kwamba sindano zile ziliporundikana chini hazikuoza, na bila kuoza hakuna udongo.

Jibu lilikuwa jongoo. Yule jongoo mwekundu-mweusi ambaye watoto humgusa kwa kijiti ili ajikunje, aliyatafuna majani ya mvinje, na alichokitoa tumboni kikawa mwanzo wa mboji. Wakaletwa majongoo kwa wingi. Mboji ikazaa udongo, udongo ukapokea miti mingine, miti ikaita ndege, na machimbo yakawa msitu. Leo panaitwa Haller Park. Watu wengi wa nje walipasikia kwa mara ya kwanza kupitia Owen, mtoto wa kiboko aliyeachwa mkiwa wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa baharini upande wa Malindi, akaletwa Bamburi na kujiambatisha kwa kobe mkubwa mzee aliyeitwa Mzee.

Hapa kuna kiingilio, na familia kubwa huipangia siku hiyo bajeti mapema. Ukienda, wape twiga chakula kama wafanyavyo wote. Halafu tafuta kigogo chini ya mivinje, uketi, na ufukue kidogo majani kwa kidole cha mguu. Utakuta udongo mweusi unene wa kiganja au zaidi. Udongo ule una umri usiozidi wa mtu mzima mmoja. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na kwa kawaida tunadhani ni mtu mmoja, asubuhi na jioni yake. Bamburi imenifundisha kuusoma msemo huu upya: mara nyingi aliyechumia juani ni mwingine, na wewe ndiye unayekalia kivuli chake.

Panapopwa

Mbele kidogo ya machimbo hayo, upande wa bahari, kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wakazi wengi huuita Pirates. Siku ya Idi, au wiki ya Krismasi, utadhani nchi nzima imeteremka. Mipira ya ndani ya magurudumu ya lori inakodishwa kwa wasiojua kuogelea. Ngamia wanatembea na watoto mgongoni. Vijana wa bara wanaingia majini na suruali zao, wanaonja maji kwa ulimi kuhakikisha kweli ni ya chumvi, na wanacheka. Mwenyeji mwenye busara huangalia mwezi kabla ya kwenda. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa mpaka kwenye mizizi ya miti na kupwa mpaka mwambani. Maji yakipwa ndio wakati wa kutembea juu ya mwamba na kuwaonyesha watoto kaa na viti vya pweza.

Neno pwani limetokana na kupwa. Pwani ni mahali ambapo maji hupwa: eneo lile linalofunikwa na kufunuliwa, mara mbili kwa siku. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inapoorodhesha ardhi ya umma, inataja ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa. Kwa maneno mengine, sheria imekuja kuandika kile ambacho lugha ilikuwa imekwisha kukitaja. Pwani, kwa maana yake halisi, ni ya wote. Hakuna anayeweza kupewa hati yake.

Lakini pwani ina njia ya kuiendea, na hapo ndipo maumivu yalipo. Kuna kichochoro nilichokizoea utotoni, upana wa watu wawili na kapu la samaki. Wavuvi walipita alfajiri na nyavu, sisi tukapita mchana na mpira. Kwanza palikuja ua wa michongoma, kisha ukuta upande mmoja, kisha ukuta upande wa pili, kisha lango lililokuwa wazi mchana. Mwaka mmoja nilienda na wanangu nikakuta lango limefungwa, na mlinzi kijana akaniambia kwa heshima, "Samahani mzee, hapa hapana njia tena." Nilisikia mawimbi nyuma yake. Wanangu walinitazama wakingoja baba aseme neno, nami sikuwa nalo. Hakuna aliyetunyang'anya pwani. Ilikuwa palepale, mali yetu kwa mujibu wa katiba, hatua mia moja mbele, na hatukuweza kuifikia.

Siku ile ndiyo iliyonifanya niandike kitabu hiki. Nilielewa kwamba mahali pa kukaa hapapotei kwa kishindo. Hupotea kwa lango lililo wazi mchana.

Kaniki

Mtu anaweza kufikiri kwamba cha wote hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe lazima kiharibike. Anayefikiri hivyo namshauri avuke Likoni, ateremke Kwale hadi karibu na Diani, akazuru Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Makaya ya Mijikenda yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini hayakuokolewa na orodha. Yaliokolewa na makatazo. Kabla hujaingia unafungwa kaniki, shuka jeusi, tajiri na maskini wakavaa sawa. Mwongozaji anakwenda mbele. Hukati kitu, huokoti kitu, hutoki hata na jani. Miti mikubwa iliyokuwa ikikatwa kila mahali nje ya mpaka imebaki ndani, kwa nguvu ya neno la wazee.

Nilipotoka mara ya mwisho niliona mbegu ndogo imenasa kwenye pindo la kaniki yangu. Mwongozaji aliinama, akaitoa kwa ncha za vidole, na akairudisha ndani ya mpaka kabla ya kunifungua shuka. Hakusema chochote. Niliwaza kuhusu chupa za plastiki ninazoziona zikielea chini ya ukuta wa Mama Ngina kila Jumatatu asubuhi, zilizoachwa na sisi tuliodai kwamba tunapapenda mahali pale.

Basi msomaji wangu, ukiwa mwenyeji au mgeni, matembezi ya mji huu ni haya: muhogo na ukuta jioni, kahawa barazani usiku, mvinje wa Bamburi mchana, pwani maji yanapopwa. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji uje, uokote takataka zako unapoondoka, usogee mwingine anapofika, na upite njia zilizobaki. Vichochoro vichache vya kwenda baharini bado viko wazi. Mimi na wanangu tuna kimoja tunachokipita kila Jumapili ya bamvua, hata siku ambazo hatuna hamu ya kuoga, na tunawasalimu wote tunaowakuta. Zamani tuliambiwa kwamba njia isiyopitwa huota majani. Siku hizi huota ukuta.